Namba ya mama mkwe haikuwa yako kuitoa

Barua nyingi safari hii zinahusu simu, hata zile zinazoanza kama barua za ndoa. Nimezifupisha na kuondoa majina. Walionitumia picha za watu wengine kama "ushahidi", nimezifuta. Msinitumie tena.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nilikopa shilingi 80,000 kwenye programu ya simu. Nilipochelewa siku mbili, wakamtumia meseji bosi wangu, mama mkwe, hadi fundi bomba, na picha yangu imeandikwa TAPELI. Nina haki gani? (Mdaiwa, Tabata)*

Marahaba mwanangu. Deni halimpi mtu kibali cha kukudhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko kama yako. Usifute chochote. Hifadhi meseji, namba zilizotuma na saa zilipoingia. Mwombe bosi wako na mama mkwe nao wasifute za kwao, kwa maana wao ni mashahidi wako, na wana haki ya kulalamika kwa niaba yao wenyewe. Kama kuna vitisho, pita polisi pia.

Halafu angalia kama mkopeshaji huyo ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Watu walisambaza orodha ile kwa wiki nzima, kisha wakarudi kukopa palepale. Riba ikiwa haieleweki, mkataba uambatanishe na malalamiko yako. Hela uliyochukua, irudishe. Kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kali, ni wanyonyaji, lakini nawe ulikopa.

Sijamaliza nawe. Programu ile ilikuuliza kama inaweza kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, ukabonyeza "Ruhusu". Ulimuuliza nani? Mama mkwe alikupa namba yake ili umjulie hali na umtumie hela ya dawa. Hakukupa uiweke dhamana ya elfu themanini. Fundi bomba naye ana mke na watoto, na sasa namba yake iko kwa watu asiowajua kwa sababu alikuzibia bomba la jikoni.

Google iliweka kanuni inayozikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu, na kanuni hiyo inafanya kazi tangu tarehe 31 Mei 2023. Kwa hiyo programu ya mkopo ikikuomba majina, ama inavunja kanuni hiyo, ama uliipakua kwa linki uliyorushiwa na mtu. Vyovyote iwavyo, ikimbie. Wenzetu Kenya wameanza kuwabana: Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba alizozipata kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho. Nataka kuona faini za namna hiyo hapa kwetu, na zitangazwe kwa jina la kampuni.

Leo jioni fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye ruhusa za programu, tazama ni zipi zinasoma majina yako. Kata. Kisha mpigie mama mkwe umwombe radhi kwa mdomo. Usimtumie meseji.

*Nimekaa na huyu kaka miezi sita. Si tayari ni mume wangu kisheria? (Sinza)*

Hapana. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema miaka miwili au zaidi, na watu wawe wanawatambua kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu ambayo mtu anaweza kuipinga mahakamani. Hiyo miezi sita haimo popote katika sheria. Naletewa swali hili kila mara na jibu ni lilelile. Kama unataka ndoa, mwambie hivyo, na usikilize anavyojibu.

*Mume wangu yuko Muscat. Ameniandikia talaka kwenye WhatsApp, kisha akanifungia nisimpate. Ndugu zake wanasema nifungashe. Tulifunga ndoa ya Kiislamu Tanga. (Mama wa watoto watatu)*

Pole sana dada yangu. Usifungashe.

Kama talaka imesihi kidini, hilo wapelekee masheikh, wakalitazame lilivyoandikwa na nia ya aliyeandika. Mimi nakupa upande wa sheria ya Bara. Ndoa iliyofungwa Bara, iwe ya msikitini, kanisani, bomani au ya kimila, haivunjwi hapa nchini kwa meseji. Shauri linaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo mnayokwenda nayo mahakamani. Kwa ndoa ya Kiislamu, mahakama inaangalia kama baada ya hati hiyo kimefanyika kitendo kinachovunja ndoa kwa mujibu wa dini, na kikithibitika inatoa amri ya talaka. Mumeo ameruka ngazi zote hizo. (Wa Zanzibar, msinukuu haya. Kwenu kuna Mahakama ya Kadhi.)

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu mahakamani ndiko inakozungumzwa nyumba, shamba na matunzo ya watoto. Mwanamke anayeondoka na begi kwa sababu ya meseji huacha vyote hivyo nyuma, na shemeji anahamia. Nimeona wengi. Wakikwambia hukuchangia kitu kwa sababu ulikuwa mama wa nyumbani, wajibu kwa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa, na bado kuna mashemeji wanaoongea kana kwamba haikutokea.

Nenda barazani wiki hii. Meseji ile usiifute, na simu usiuze.

*Shule ya mwanangu inaweka picha za watoto Instagram kila siku, wakiwa wanakula, wakiwa wanalia siku ya kwanza, hata wakiwa kwenye bwawa la kuogelea. Nikilalamika naambiwa ni tangazo la shule. (Baba Aisha, Mwanza)*

Tangazo la shule alipie mwenye shule. Sheria yetu inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Andika barua ukitaja unachokataa, peleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakiendelea, Tume. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Na wewe Baba Aisha, na wazazi wengine wote: acheni kupandisha picha za watoto wa wenzenu kwenye sherehe za kuzaliwa. Mtoto wako ukimpiga picha, wanaingia watoto kumi nyuma yake. Mtoto akiwa kwenye nguo ya kuogelea, asipandishwe na mtu yeyote popote. Hapo sina mjadala.

*Nilimsajilia rafiki yangu laini kwa alama zangu za vidole maana hakuwa na namba ya NIDA. Sasa polisi wananitafuta, laini imetumika kutapeli. (Kijana, Dodoma)*

Tafuta wakili leo, kisha nenda mwenyewe polisi kabla hawajakufuata, na ueleze ukweli wote pamoja na jina la rafiki huyo. Tulilala kwenye foleni za usajili hadi tarehe 20 Januari 2020, siku ya mwisho ya nyongeza, ili kila laini iwe na mtu. Ukampa mwenzio kidole chako, na kwenye kumbukumbu mtu huyo ni wewe.

Wengine wote, piga *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Msizozijua, nendeni dukani kwa mtandao husika zifungwe. Usajili wa pembeni ya barabara, ambapo kijana anakwambia "alama haijashika, weka tena", ukatae. Kule kuweka tena kunaweza kuwa laini ya pili. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", zipelekeni 15040.

*Mimi ni admini wa grupu la mtaa. Ajali ikitokea, watu wanarusha picha za maiti. Nikikemea naambiwa nazuia habari. (Morogoro)*

Wewe uko Morogoro, kwa hiyo unakumbuka Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka na kulipuka. Zaidi ya watu mia walikufa. Mtu aliyeungua vile ana mama, na mama ana simu, na simu ina grupu. Kuna watu katika nchi hii wamejua msiba wao kwa kutambua shati kwenye klipu, kabla ndugu hawajakaa na kupanga nani amwambie na kwa maneno gani. Tuna utaratibu wa kupeana taarifa ya msiba. Mtu anaketishwa kwanza, anapewa maji, mzee anatafutwa aseme. Tulivumbua utaratibu huo kwa sababu tunajua habari hiyo inavyomwangusha mtu. Anayerusha picha ya maiti kwenye grupu ameuvunja wote kwa kidole kimoja, na sioni habari yoyote aliyoileta. Habari ni mahali, saa, gari la namba gani, majeruhi wamepelekwa hospitali gani, damu ya kundi gani inahitajika. Hayo yarushwe hata mara mia.

Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Kila mara nikiona duara la watu wameinua simu juu ya majeruhi barabarani, nawaza wale wavuvi.

Watoe kwenye grupu bila kuwabembeleza. Ukiwa admini, grupu ni lako kulisimamia, na lawama zao utazimudu.

*Nina studio ndogo. Nataka kutumia akili mnemba kutengeneza wimbo mpya kwa sauti ya Siti binti Saad. Amefariki zamani, kwa hiyo sidaiwi na mtu, sivyo? (Prodyuza, Temeke)*

Umeuliza la kudaiwa tu, kwa hiyo nianze nalo. Siti, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alifariki mwaka 1950. Sheria ya Hakimiliki ya Bara ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hesabu yako kwa tungo zake mwenyewe inaweza kuwa sawa, lakini si kila alichoimba alikitunga yeye, na Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na ofisi yao, COSOZA. Waulize kabla hujawasha mashine. Wanamuziki wetu hawanyamazi tena. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru Mwana FA na AY walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa nyimbo zao kutumiwa kama miito ya simu bila ridhaa.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Mwanamke huyu alitoka Fumba, alizaliwa katika familia ya utumwani, akauza vyungu, kisha mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili wakati ambapo hakuna aliyemtegemea afike huko. Aliimba juu ya majaji waliopindisha haki na wanawake waliodhulumiwa. Kila neno alilichagua yeye na wenzake, wakijua nani angekasirika. Wewe unataka kumtia mdomoni maneno ya kwako, labda ya kusifia bia, na msikilizaji wa miaka kumi na tano asijue kwamba Siti hakuyasema kamwe. Mwenyewe hayupo kukataa. Katika barua zote za leo, hakuna mtu aliyeporwa nafasi ya kusema hapana kama huyu.

Rekodi zake zipo. Zisafishe mikwaruzo, zipigie ala, mtafute binti wa leo aimbe tungo zile kwa sauti yake mwenyewe, andika jina la Siti juu kabisa. Hiyo ni kazi ya heshima na nitakuwa wa kwanza kuinunua. Mashine ya kumzungumzisha marehemu, hapana.

*Skrinishoti ni ushahidi mahakamani? (wengi)*

Inaweza kuwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itauliza ulivyotunzwa na kama unaaminika. Tunza simu yenyewe na mazungumzo yote. Kipande ulichokikata ili uonekane mwema kitakuumbua.

*Bi Mkubwa, nimeweka programu kwenye simu ya mume wangu, napata meseji zake zote. Nimegundua mambo. Nimfuate vipi? (Kigamboni)*

Iondoe kwanza. Kuingilia mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sheria hiyo haisemi "isipokuwa mke". Ukienda naye barazani na meseji hizo, mjadala utageuka kuwa juu yako. Isitoshe, kwenye simu hiyo kuna siri za dada yake, za rafiki yake mgonjwa, za mfanyakazi mwenzake aliyemwomba ushauri, nawe umezisoma zote.

Uliyoyagundua yanauma, naelewa. Mketishe, mwambie una mashaka naye na unataka majibu. Akikataa kujibu, waite wazee au nenda Baraza la Usuluhishi. Lakini programu hiyo, mdogo wangu, iondoe usiku huu kabla hajalala.