Kompyuta ya mtumba, siri za kikoba na ramani isiyokula bando

Maswali yaliyonifikia safari hii yanatoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu yote yanahusu programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuukagua, kuubadilisha na kuugawa. Nimeyafupisha bila kugusa kiini chake, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Nina steshenari Mwanjelwa yenye kompyuta tatu za mtumba zinazotumia Windows 10. Fundi ananiambia zimekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Hazijafa, mama. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, akabaki kupewa nyongeza ya muda mfupi yule tu aliyejiandikisha. Windows 11 nayo inadai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mtumba tunazouziwa hazina vitu hivyo. Kompyuta zako zitaendelea kuwaka na kuchapa kama jana, ila tundu la usalama likigunduliwa leo hakuna wa kuliziba, na steshenari ni mahali ambapo kila mteja anaingia na fleshi yake mkononi.

Ningekushauri ujaribu Linux Mint, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ambao unataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo zenye raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Unapakua faili lake, ambalo ni kama GB 3, unaliandika kwenye fleshi, kisha unaiwasha kompyuta kwa fleshi hiyo bila kusakinisha chochote. Hapo ndipo pa kujaribu kila kitu, na cha kwanza kiwe printa. Zipo zinazotambuliwa papo hapo, na zipo zinazotaka draiva, yaani programu ya kuiendesha printa, ya kutafuta pembeni. Niliwahi kukaa jioni nzima na moja ya aina hiyo ya pili dukani kwa rafiki yangu Uyole, baridi ya Julai ikipita chini ya mlango, na ukurasa wa kwanza tulioupata ulitoka mweupe. Heri mkasa huo ukukute kabla hujafuta Windows kuliko baada ya hapo.

Kuna faida moja ambayo kwa kazi yako naiona kubwa kuliko zote. Unamjua yule kirusi anayegeuza mafolda ya mteja kuwa njia za mkato, mteja akalia kwamba ripoti yake imepotea. Ukiifungua fleshi hiyo kwenye Linux, utaona njia ya mkato na folda lenyewe vikiwa vimekaa bega kwa bega, kwa sababu kirusi aliyeandikwa kwa ajili ya Windows hapati pa kuendeshea kazi yake, na alama aliyoiweka ya kulificha folda haizingatiwi. Unanakili kazi ya mteja, unaichapa, unamrudishia fleshi yake.

Anza na kompyuta moja, tena baada ya kunakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kwa maana usakinishaji ukielekezwa kwenye diski nzima unaifuta. Kama kuna programu inayokubali Windows peke yake, mathalani ya uhasibu, ibakishie kompyuta moja na uitoe kwenye intaneti. Sioni aibu yoyote katika kuchanganya.

Mimi ni mwalimu, Makambako. Mitihani niliyoandika kwa Word inavurugika nikiifungua kwa LibreOffice, ile programu huria ya ofisi. Maswali yanahama ukurasa. Nakosea wapi?

Mwalimu, mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo haziji pamoja na Linux. Mbadala wake ni Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zimechongwa ziwe na upana uleule, kama Liberation Serif ilivyochongwa kwa kipimo cha Times New Roman. Zisipokuwemo kwenye kompyuta, LibreOffice huokota fonti nyingine, maneno yanapanuka kidogo, na baada ya kurasa tatu swali la 14 limekwishavuka upande wa pili. Zisakinishe, nusu ya tatizo itaondoka.

Nusu ya pili, uniwie radhi, ni mazoea yetu ya kupanga ukurasa kwa kubonyeza nafasi mara thelathini na kuandika nukta moja moja ili mwanafunzi ajazie jibu. Weka kituo cha tabo chenye nukta za kujaza, nayo programu itaichora mistari hiyo yenyewe. Faili la kufanyia kazi lihifadhi kwa muundo wa ODT, ambao ndio wa LibreOffice yenyewe, na linalokwenda kuchapwa litoe kama PDF, ambayo haibadiliki njiani.

Wanaosema kwamba mambo haya ni mageni kwetu wanasahau kwamba mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010.

Mimi ni katibu wa kikoba, Tukuyu. Hesabu na picha za vitambulisho vya wanachama tunaziweka kwenye kundi la WhatsApp. Mjumbe mmoja anataka tuhamie Telegram akisema ni salama zaidi.

Msihamie kwa sababu hiyo. Makundi ya Telegram hayana usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani kuufunga ujumbe ili usomwe na wanaowasiliana tu. Maana yake ujumbe unakaa kwenye seva za kampuni ukiwa katika hali ambayo kampuni yenyewe inaweza kuusoma. Mazungumzo yao ya siri yapo, lakini ni ya watu wawili tu. WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa aina hiyo Aprili 2016 kwa kutumia itifaki ya Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, hivyo maneno yenu yamefungwa. Kisichofungwa ni habari za pembeni, kama vile nani yumo kundini, anawasiliana na nani na saa ngapi, na mmiliki wa WhatsApp ni Meta, kampuni yenye Facebook, ambayo riziki yake ni matangazo. Nakala inayohifadhiwa kwenye Google Drive nayo haisimbwi kwa namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Mkitaka kuhama kweli, hamieni Signal. Msimbo wake uko wazi na inaendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara. Mwaka 2016 mahakama nchini Marekani ilipoitaka itoe taarifa za watumiaji, ilichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, basi.

Hata hivyo, mimi ninachokiogopa zaidi ni zile picha za vitambulisho. Wanachama wakiwa ishirini, kitambulisho cha kila mmoja kimo katika simu ishirini, ambazo watoto wanazichezea na ambazo kesho zitauzwa bila kufutwa. Hakuna programu ya kuliziba hilo. Zifuteni kundini, nakala moja ikae kwako katibu ndani ya faili lenye neno la siri, na ujumbe unaotoweka uwashwe kwa hesabu za kila wiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na si vibaya uongozi wa kikoba ukaisoma.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Iringa. Kama msimbo uko wazi, mwizi si ataona mlango ulipo?

Marahaba. Ataona kufuli lilivyoundwa, lakini funguo unao wewe. Tahadhari iliyopo ni kwamba kuwa wazi si sawa na kukaguliwa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya programu huria iitwayo xz, na kilichomshtua ni kwamba kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Uwazi ndio uliomwezesha kufuatilia mpaka mwisho. Umakini ulikuwa wake.

Nipo Mafinga. Nilikopa kwa programu ya simu, nilipochelewa kulipa wakawatumia ujumbe ndugu zangu wote. Nikiweka mfumo huria kwenye simu nitaepuka?

Pole sana, dada. Mfumo huria hautakusaidia hapa, na kwa simu nyingi tulizonazo huku haupatikani kirahisi: GrapheneOS ni ya simu za Pixel za Google tu, na LineageOS ina orodha yake ya modeli. Waliyapata majina na namba zilizomo kwenye simu yako kwa sababu programu iliomba ruhusa ya kuyasoma nawe ukakubali. Ingia kwenye mipangilio, fungua ruhusa za programu, uinyime majina, ujumbe, picha na mahali ulipo, kisha maliza deni na uiondoe. Majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, kwa hiyo waeleze ndugu zako mapema wasije wakatishwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Angalia kama yako imo, na malalamiko kuhusu majina yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nabeba mbao kutoka Mufindi. Ramani ya simu inanimalizia bando.

Chukua Organic Maps, kaka, programu huria ya ramani. Inatumia data za OpenStreetMap, mradi wa watu wanaojitolea ulioanza Uingereza mwaka 2004, na haina matangazo. Pakua ramani ya Tanzania ukiwa penye wifi, na baada ya hapo itakuongoza bila mtandao. Njia za ndani ya misitu hazimo zote, na zilizomo hazikwambii kama kuna tope la Machi. Washa GPS ukiwa bado mahali peupe kabla hujaingia chini ya miti, kwa kuwa bila mtandao simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti kwa mara ya kwanza.