Kabla hujakubali kuongeza skripti ya OpenRC

Ukitunza programu ya huduma kwenye Linux, ipo siku mtumiaji atakuomba: "Mimi situmii systemd, tafadhali ongeza skripti ya OpenRC." systemd na OpenRC ni mifumo ya kuwasha na kusimamia huduma mashine inapoamka, kama zilivyo sysvinit na runit. Usikubali haraka. Skripti yenyewe ni mistari michache, na pengine mwombaji ameshaiandika. Uzito uko kwingine.

Uzito uko kwenye swali hili: huduma huhesabiwa imeanza lini? Ukiweka Type=notify kwenye faili ya huduma, systemd husubiri programu yenyewe iseme iko tayari. Kwa sysvinit, skripti ikishamaliza bila kosa, basi imeanza. runit, usipoiwekea faili ya check (skripti ndogo ya kupima kama huduma iko tayari), hutosheka kuona mchakato uko hai. Sasa chukua programu inayotegemea hifadhidata inayochelewa kuamka. Kwako kila kitu kitakwenda sawa, na kwa mwenzako mwenye mfumo mwingine itakufa kila anapowasha mashine, nawe hutaiona hitilafu hiyo kamwe. Mimi nimeacha kutegemea mpangilio wa kuwasha: programu inajaribu tena kuunganika yenyewe, popote ilipo. Hilo peke yake limeniondolea malalamiko mengi kuliko skripti yoyote.

Pia iache programu ibaki mbele, isijifiche nyuma na kuandika faili ya PID (namba ya mchakato wake). runit inataka hivyo, systemd inapenda hivyo, na OpenRC ina mpangilio wa command_background, unaoipeleka nyuma yenyewe. Ila ukiitumia, taja output_log na error_log (faili za kuandikia ujumbe wake), la sivyo ujumbe wa makosa unapotea, na hapo utamsaidiaje mtu?

Kazi za ratiba nazo zina mtego. Ukiweka taima ya systemd pamoja na faili ya cron (programu ya zamani ya kuratibu kazi), kazi moja itafanyika mara mbili. Vifurushi vya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huzuia hilo kwa kuangalia kwanza kama saraka ya /run/systemd/system ipo.

Debian yenyewe, pamoja na wingi wa wanaojitolea, iliamua kuifanya systemd chaguo-msingi mwaka 2014, na mwaka 2019 ikalazimika kupiga kura tena: systemd iwe msingi, lakini wanaotafiti njia nyingine wasaidiwe. Naona walifanya haki. Nami hupokea skripti ya mtu anayeutumia mfumo husika wa kuwasha kila siku na aliye tayari kujaribu kila toleo kabla halijatoka. Akiondoka na asipatikane mwingine, naandika wazi kwenye maelezo ya toleo kwamba skripti hiyo haijajaribiwa.