Mwanga "hutawanyika na seli"?

SWALI: Natafsiri maelezo ya programu ya kompyuta inayowawezesha madaktari wa upasuaji kujua mapema mwanga wa leza utafika wapi ndani ya mwili. Nimeandika: "Programu huigiza mwanga unavyotawanyika na seli na kufyonzwa na damu katika nyama ya mgonjwa." Mhariri ameirudisha bila kusema kosa liko wapi.

JIBU: Mhariri hakukosea, ila angekuonyesha tu. Kosa la sarufi ni moja: "unavyotawanyika na seli". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Husema jambo limetokea, basi: kikombe kimevunjika, watu wametawanyika. Ukitaka kumtaja mtenda kwa "na", kitenzi kiwe katika kauli ya kutendwa: watu wametawanywa na polisi. Ukisema "watu wametawanyika na polisi", msomaji ataelewa kwamba polisi nao wameondoka, kila mmoja na njia yake. Vivyo hivyo, katika sentensi yako seli zinatawanyika pamoja na mwanga, na huyo mgonjwa simwonei wivu. Andika "hutawanywa na seli", au ziache seli na useme "hutawanyika". "Kufyonzwa na damu" haina dosari.

Vitenzi hivyo viwili usivichanganye, wala usivifunike vyote kwa "hupotea". Fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyotawanywa imegeuzwa njia tu, bado inatangatanga. Iliyofyonzwa imefika mwisho, na nishati yake kwa kawaida hugeuka joto. Daktari anaitegemea tofauti hiyo. Mwanga wa leza ya kaboni dayoksaidi, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, hufyonzwa upesi mno na maji ya mwilini, ndiyo maana hukata juu juu. Ule wa nanomita 1064 wa leza ya Nd:YAG maji huufyonza kidogo, kwa hiyo huzama zaidi.

"Huigiza" nayo ningeibadilisha. Kuigiza kumeshikamana na jukwaa; msomaji ataanza kuwatafuta wahusika. Sema "huiga", na nomino iwe "uigaji". Najua wapo wanaolalamika kwamba kuiga kunanukia udanganyifu wa chumba cha mtihani, lakini hapa ndiyo kazi yenyewe: programu hurusha fotoni moja baada ya nyingine, na kila hatua namba za nasibu huamua itakwenda umbali gani, itageukia wapi, na kama itafyonzwa. Njia hiyo huitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kamari kule Monako.

"Nyama" ni finyu: mafuta, mfupa na ubongo vyote vinahusika. Tumia "tishu", isiyobadilika katika wingi: tishu hii, tishu hizi. Ndiyo, karatasi ya kupengea kamasi huitwa hivyo hivyo, muktadha utaamua.

Hukuuliza, lakini jihadhari na "husafiri" pia. Vitabu vya shule vimetuzoeza kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, jambo ambalo ndani ya tishu halidumu hata milimita moja. "Hupenya" inafaa zaidi, kwa kuwa kupenya ni kupita penye kizuizi.

Sentensi yako basi: "Programu huiga jinsi mwanga unavyotawanywa na seli na kufyonzwa na damu unapopenya tishu za mgonjwa."