Maswali na majibu: ETA (muda meli inaotarajiwa kufika), noti na hii tabia ya kukimbia halafu kungoja

Nimekusanya ya mwezi huu. Yale ya "naomba koneksheni ya kazi melini" sijayaweka, na nikiyapata tena sitayaweka.

Noti 12 kwa saa ni kilomita ngapi? (Kadeti, Tanga)

Noti ni maili ya bahari kwa saa, sasa hiyo "kwa saa" nyingine unaiongeza ya nini? Noti 12 ni kilomita 22 na kidogo kwa saa. Swali hili linakuja kila mara na linakuja na "kwa saa" yake hiyo hiyo, siku ya orali mtahini hatakusahihisha, atakuangalia tu.

Nafuatilia kwenye app meli iliyobeba gari yangu kutoka Japani. Ilisema inafika tarehe 12, ikasema 15, jana usiku ikasema 11. Wakala ananidanganya? (Mwagizaji, Arusha)

Kwa hili labda hapana. Tarehe unayoiona inatoka sehemu mbili. Kuna ile ofisa wa meli anayoiandika mwenyewe kwenye AIS, kile kifaa kinachotangaza meli iko wapi na inakwenda wapi, mwezi, tarehe, saa na dakika, kwa saa za UTC, ile saa moja ya dunia nzima, akisahau kubadilisha inabaki ya bandari iliyopita na meli inatembea nayo hivyo hivyo. Halafu kuna app zinazopiga hesabu zenyewe kwa mwendo wa meli wa muda huo, meli ikipunguza kukwepa wavuvi wewe Arusha unaletewa tarehe mpya na presha inapanda. Zote mbili hazijui kama gati lina nafasi. Na meli kufika si gari kushuka, gari kushuka si gari kutoka getini. Mtu akikuonyesha hiyo tarehe kwenye simu akakuomba hela ya kuharakisha, usitoe.

Sekondi ofisa kaniambia nipige hesabu ya mwendo Salalah mpaka Mombasa. Nagawa maili kwa masaa, anakataa jibu langu. Nakosea wapi? (Kadeti, yuko baharini)

Hesabu yenyewe hujaniandikia so nabuni namba, wewe weka za kwako. Tuseme maili 1,600. Mmemaliza manuva na kuanza mwendo wa bahari tarehe 3 saa 1800 ya Oman, rubani wa Mombasa, yule anayepanda kuiingiza meli bandarini, kasema tarehe 9 saa 0600 ya huku. Wengi wanatoa saa kwa saa wanapata masaa 132. Oman wako saa moja mbele yetu bwana, geuza zote ziwe UTC ndipo utoe, utapata 133. Saa moja inaonekana ndogo mpaka siku uliyopangiwa kuingia na maji na maji yameanza kupwa.

Pili, usitumie masaa yote 133. Toa akiba, mi natoa 3, yanabaki 130. Akiba hiyo inakaa mwisho, kwa sababu meli kubwa haifungi breki kama bodaboda, injini ya mwendo wa bahari inashushwa polepole na unapokaribia kituo cha rubani kuna meli nyingine, kuna ngalawa, kuna redio inayosema subiri kidogo. 1,600 gawa kwa 130 ni noti 12.3. Hapa ndipo kadeti wengi wanafunga daftari, na nadhani hapa ndipo ulipokataliwa.

Hiyo 12.3 ni mwendo juu ya ardhi, na maji hayajasimama. Pwani yetu mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi mkondo wa Somalia nao unapanda kaskazini kwa nguvu sana, wewe unashuka kusini unapigana na yote miwili. Wakati wa kaskazi ule wa Somalia unageuka unakusukuma, halafu ukikaribia Kenya unakutana na wa kwetu na raha inaisha. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao kwa pepo hizi karne nyingi kabla ya GPS, sisi tuna skrini sita kwenye briji na bado tunashangaa mbona tumechelewa.

Kwa hiyo gawa njia vipande. Tuseme, kwa mfano rahisi tu, maili 1,100 za mwanzo hazina mkondo wa maana, 500 za mwisho una noti 2 usoni. Tafuta mwendo wa kwenye maji utakaofanya vipande vyote viwili vijumlishe masaa 130. Jaribu 13: 1,100 kwa 13 ni kama masaa 84.6, 500 kwa 11 ni 45.5, jumla 130. Jibu ni 13. Ungekaza na 12.3 yako ungetumia karibu masaa 138, umekula akiba yote na rubani umemkosa kwa masaa matano.

Halafu hesabu hii haifanywi mara moja ikabandikwa ukutani. Kila wachi, yaani kila zamu: maili zilizobaki, masaa yaliyobaki, mwendo unaotakiwa. Masaa 6 ya kuchelewa ukiyagundua siku 4 kabla, na mnakwenda 12.5, unapanda mpaka 13.3 tu na hakuna anayejua. Ukiyagundua siku moja kabla unatakiwa uende 16.7, na meli nyingi za mizigo hazina hiyo 16.7, hata chifu injinia umlilie.

Nusu ya umbali tumekwenda noti 10, nusu nyingine 14. Wastani si 12? (Hakusema yuko wapi)

Hapana, 11.7. Nusu ya polepole imekula masaa mengi zaidi. Gawa maili zote kwa masaa yote, basi.

Tulikimbia wiki nzima, tulipofika tukaambiwa tutie nanga tungoje siku 2. Si uzembe wa bandari huo? (Baharia, Mombasa)

Uzembe wa bandari upo lakini mimi naanza na nyinyi. Nani aliwaambia mkimbie? Mafuta kwa siku yanapanda karibu kwa mwendo mara mwendo mara mwendo, ukishuka kutoka 14 mpaka 12 matumizi ya siku yanapungua kama asilimia 37, na safari nzima, hata ukihesabu kwamba sasa inachukua muda mrefu zaidi, unaokoa kama robo. Hiyo robo mmeichoma mkafika kukodolea macho taa za mji.

Najua sababu. Bandari nyingi wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuingia, na mikataba ya kukodi meli inamtaka kapteni aende bila kuchelewa, akifika atoe notisi kwamba meli iko tayari ili saa za kupakua zianze kuhesabiwa. So mwenye meli anaweza kulipwa kwa kungoja, nani atapunguza? IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, walitoa mwongozo mwaka 2020 wa kufika kwa wakati bandari ikiwa tayari, na tangu 1 Januari 2023 kuna sheria ya kuzipa meli kubwa daraja kwa hewa chafu zinayoitoa. Mi naona karatasi nzuri, lakini mpaka mkataba ubadilike mtaendelea kukimbia. Angalau kapteni amuulize wakala kuhusu gati siku 3 kabla, si akiwa ameshaona mnara.

Basi si tungeenda noti 6 tangu mwanzo? (Baharia huyo huyo)

Injini kubwa ina mizunguko marufuku, eneo ambalo mtetemo unaumiza shafti, unalipita haraka hukai humo. Ukiizungusha chini sana siku nyingi masizi yanajaa kwenye turbo na bomba la moshi. Na kwenye bahari mbaya, mwendo mdogo sana usukani haushiki. Muulize chifu injinia RPM (mizunguko kwa dakika) gani anazikubali halafu chagua humo.

Tukichelewa kuna ubaya gani kukata kona katikati ya visiwa, kama chati inaonyesha maji yapo? (Ofisa, Dar)

Hili limeniudhi kwa sababu limetoka kwa ofisa.

18 Machi 1967, Torrey Canyon, tenka kutoka Kuwait na mafuta ghafi tani kama 119,000, inakwenda Milford Haven, Wales. Ikikosa maji ya usiku ule ingengoja siku kadhaa mpaka maji mengine ya kuitosha. Kapteni akaona kuzunguka Visiwa vya Scilly kutamla muda akapita ndani, kati ya visiwa na miamba ya Seven Stones. Maji yalikuwepo kwenye chati. Walichokosa ni nafasi ya kugeuka: kulikuwa na boti za wavuvi na nyavu zao, kona ikacheleweshwa, wakapanda mwamba na mwendo wao wote. Uingereza ikaishia kutuma ndege kuipiga mabomu ili mafuta yaungue.

Ukichelewa tuma ETA mpya. Kwa wakala, kwa kampuni, kwa bandari, mapema, na UTC iandikwe. Kampuni ikikufokea ihifadhi hiyo meseji. Na ukitaka kubadilisha njia, inapangwa upya kwenye chati, inakaguliwa kina na nafasi pande zote, kapteni anaisaini, kabla usukani haujaguswa.

GPS inasema 12, logi inasema 14, niamini ipi? (Kadeti, Zanzibar)

Zote. GPS inapima mwendo juu ya ardhi, logi inapima mwendo kwenye maji. Tofauti ndiyo mkondo, unakupinga noti 2 kama logi yako ni nzima. Kufika unahesabu kwa GPS. Na logi isafishwe, ikiwa na uchafu chini itakudanganya mpaka Mumbai.