Mgongo na mtaalamu wa kairopraktiki

SWALI: Shikamoo daktari. Kiuno kinaniuma wiki ya pili sasa, tangu niinue gunia. Nitamjuaje mtaalamu wa kweli wa kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa mikono? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Muulize alisomea chuo gani. Hii ni taaluma ya miaka 4 au zaidi, si kozi ya wikendi. Aliye makini atapima nguvu na hisia za miguu kabla ya kugusa uti wa mgongo. Ule mlio wa “ko” anapokubonyeza mgongo ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa uliorudi mahali pake. Anayedai ulipie vipindi 30 siku ya kwanza, mkimbie. Shingo usikubali izungushwe kwa ghafla: ni nadra, lakini mshipa wa damu huweza kuchanika ukaleta kiharusi. Ukihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikwama, wahi hospitali siku hiyohiyo.