Kumtafuta ndugu aliyepotea: usiishie mlangoni pa mochari

Msomaji mmoja wa Kilifi ameniandikia. Ndugu yake alitoweka, familia imezunguka mochari tatu, imefunuliwa miili, haikumtambua yeyote. Anauliza kama sasa warudi nyumbani wasubiri simu ya serikali.

Hapana, dada yangu. Kutazama nyuso ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Mwili uliokaa siku chache majini au ardhini huvimba, hubadilika rangi, ngozi huvuka. Mama mzazi anaweza kupita kando ya mwanawe asimjue. Baya zaidi ni familia iliyochoka kulia, inayokubali mwili usio wake kwa sababu ya shati au pengo la jino. Hapo familia mbili hupotelewa: mmoja amezikwa na wasio wake, na yule waliyekuwa wakimtafuta anabaki kwenye friji bila jina.

Mwanzo ni kituo cha polisi, na siku ileile. Hakuna sheria ya Kenya inayotaka usubiri saa 24. Ukiambiwa hivyo, omba kuonana na mkuu wa kituo, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Peleka picha ya karibuni na nakala ya kitambulisho chake. Eleza nguo alizovaa, makovu, chale, mfupa uliowahi kuvunjika, chuma kilichowekwa na daktari, jino lililong'olewa na ni la upande gani. "Mrefu, mweusi, mpole" haimsaidii mtu yeyote mochari. Aliyepotea akiwa mtoto, piga pia 116. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao huwatafuta jamaa waliotengana. Namba yao ni 1199.

Ukifika mochari, usiombe kuonyeshwa miili tu. Omba kitabu cha wasiojulikana: tarehe ya kuingia, kituo cha polisi kilicholeta, jinsia, umri wa kukadiria, nguo. Uliza pia wodini, maana mgonjwa aliyezirai huandikishwa vivyo hivyo, bila jina. Wala usitafute mtaani kwake pekee. Januari 2022 tuliambiwa kuhusu miili zaidi ya 20 iliyoopolewa Mto Yala na kuwekwa mochari ya Yala, kaunti ya Siaya, na baadhi yao walikuwa watu wa mbali kabisa na Siaya. Mochari zetu haziko kwenye rejista moja inayosomeka kila kaunti. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mzigo wote wa kuunganisha habari huachiwa mama mwenye nauli ya kukopa.

Kwa mtu mzima mwenye kitambulisho, alama za vidole ndizo za haraka, kwa kuwa serikali ilizichukua alipojiandikisha. Mwulize mpelelezi waziwazi: je, miili isiyojulikana iliyoingia tangu tarehe aliyopotea imechukuliwa alama? Usikubali jibu kwamba vidole vimeharibika. Ncha iliyosinyaa huweza kujazwa maji kwa sindano ikanyooka. Ngozi iliyovuka huweza kuvalishwa juu ya kidole cha mtaalamu mwenye glavu, akaigandamiza kwenye wino. Wakati mwingine hushindikana kweli, lakini kwanza ijaribiwe. Watoto hawamo katika rejista hiyo, na ndiyo maana wavulana 21 waliokufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, walihitaji DNA.

Na DNA haisemi jina. Husema tu kwamba mfupa huu na mate haya ni vya damu moja. Endarasha wazazi walikuwapo, na orodha ya waliolala bwenini ilijulikana. Shakahola, msitu wa Kilifi walikozikwa waumini waliofunga kula hadi kufa, ilikuwa tofauti. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400 tangu Aprili 2023, na ilipoanza kukabidhiwa kwa jamaa Machi 2024, iliyokuwa imetambuliwa ilikuwa 34. Uhaba wa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, ulitajwa, na ni kweli ulichelewesha. Lakini familia nzima zilikufa pamoja, wengine walitoka kaunti za mbali, na jamaa waliobaki wengi hawakujitokeza, kwa aibu au kwa hasira. Maabara haina la kufanya na mfupa usio na wa kulinganishwa naye.

Kwa hiyo chagueni vizuri nani atoe sampuli ya DNA. Bora ni baba na mama wazazi, wote wawili. Wasipokuwapo, watoto wa aliyepotea pamoja na mzazi mwenzake. Kisha ndugu wa baba na mama mmoja, wawili au watatu, si mmoja. Mjomba au khala aliyezaliwa tumbo moja na mama husaidia kwa upande wa uzazi wa kike. Baba mdogo husaidia kama aliyepotea ni mwanamume. Binamu peke yake hatoshi. Kwenye fomu andika "baba mzazi" ikiwa ndiye kweli. Kama mtoto alilelewa tu, au baba wa damu ni mwingine, mwambie ofisa faraghani. Siri hiyo imeharibu ulinganisho mwingi.

Utoaji wenyewe hauumi: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu. Usile wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Pamba ikaushwe kwa hewa na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si nailoni, kwani unyevu huotesha ukungu na kuozesha sampuli. Mswaki na wembe wake navyo vifungeni kwenye karatasi. Nguo zake chafu msizifue, na kitana kilichochanwa na watu wanne kiacheni.

Aliyepotelea Ghuba au nchi nyingine, ombeni DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ipitishe maombi ofisi ya Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, Nairobi. Notisi ya njano ni ya waliopotea, nyeusi ni ya maiti zisizojulikana, na tangu 2021 kuna hifadhi yao iitwayo I-Familia inayolinganisha DNA za jamaa kati ya mataifa.

Mkiisha kutoa, tunzeni namba ya sampuli, jina la ofisa na namba ya OB. Ukibadilisha laini ya simu, rudi uwaambie. Majibu mengi hukwama kwenye namba iliyozimwa. Fuatilieni matangazo ya hospitali magazetini kuhusu miili isiyodaiwa, ambayo mara nyingi hutoa siku saba kabla ya kuomba idhini ya mahakama kuizika. Mkiona tangazo linalofanana na mtu wenu, andikeni barua mochari na nakala kituoni siku hiyohiyo, mkiomba jino la gego au kipande cha fupa la paja kihifadhiwe, na namba ya kaburi iandikwe kwenye jalada. Kama amekwisha kuzikwa, sampuli hiyo ndiyo mtakayoipeleka mahakamani kuomba amri ya kufukua.