Kikulagembe hakimalizwi kwa panga

Kwa Kizigua gembe ndilo jembe, kwa hiyo jina lenyewe lilikwisha kutuonya: hiki ni kichaka kinachokula jembe, ukabaki na mpini. Utakitambua kwa maua yanayoning'inia yenye rangi mbili, zambarau mpauko juu na njano chini, na kwa miiba yake, ambayo hasa ni vijitawi vilivyochongoka. Hutoboa katambuga, hutoboa na tairi ya pikipiki.

Malisho aliyoniachia marehemu baba yangu yapo ng'ambo ya mto Pangani, ukishavuka kivuko hadi Bweni na kushika njia ya Mkwaja. Ni ekari 12, na nilipozipokea karibu nusu ilikuwa imeshafunga kwa kichaka hiki. Ndama akiingia humo, kumtoa ni damu mikononi. Nikauza mbuzi watano, nikachukua vibarua wanne wenye mapanga mwezi wa Januari, jua kali. Wakafyeka ekari tatu. Jioni ile nilisimama nikaona mpaka upande wa pili wa eneo, nikamshukuru Mungu.

Masika ilipokwisha nikarudi kutazama. Kila kisiki kilikuwa na machipukizi saba, manane, na mengine yalikuwa yameota mbali kabisa na kisiki chochote, mahali ambapo awali palikuwa wazi. Mbuzi wangu watano walikuwa wamenunua kichaka kinene kuliko cha kwanza.

Ndugu mfugaji, nakusihi usirudie kosa hilo. Mti huu uhai wake uko chini. Mizizi hutambaa, na ukikata shina tu, mizizi ile huchipua kila mahali.

Sasa nafanya hivi. Miche ambayo haijapita goti naing'oa kwa sululu mvua za vuli zikishalainisha udongo, na nafuata mzizi mpaka mwisho, sikati njiani. Mikubwa naikata karibu kabisa na ardhi, na kisiki kinapakwa dawa papo hapo kwa brashi. Tunakwenda wawili wawili: mmoja anakata, mwenzake anapaka. Msikate asubuhi nzima mkaja kupaka baada ya chakula cha mchana, maana kisiki kikishakauka uso hakinywi dawa. Dukani kwa pembejeo taja wazi kwamba unataka dawa ya visiki vya miti na vichaka. Kuna dawa zinazoua kila jani la kijani, na ukizinyunyiza ovyo utaua nyasi ulizokuwa unazipigania. Soma lebo ujue mifugo irudi baada ya siku ngapi, vaa glavu, na chupa tupu isije ikaonekana jikoni.

Mbuzi nao wananisaidia sana. Machipukizi yakiwa laini nawaachia wayale, yakirudi nawaachia tena, mpaka mzizi unachoka. Lakini hapo pana mtego ulionigharimu mwaka mzima. Mbuzi na ng'ombe wanayapenda maganda ya mbegu zake, na mbegu nyingi hupita tumboni zikatoka nzima kwenye kinyesi. Kwa hiyo mifugo iliyokula maganda usiipeleke siku hiyohiyo kwenye eneo ulilosafisha. Ishikilie kama wiki moja upande uleule wenye kichaka, na samadi ya zizi usiimwage malishoni.

Yote haya ni kazi bure kama ardhi ni kipara. Nyasi zikiliwa mpaka udongo uonekane, miche ya vichaka inapata jua na maji bila mshindani. Mimi nilikuwa nalaumu kichaka huku ng'ombe wangu wanazunguka eneo lilelile mwaka mzima. Sasa nimeligawa mara nne, na kila masika sehemu moja inapumzika mpaka nyasi zimwage mbegu. Ilibidi nipunguze ng'ombe wanne. Iliniuma, sifichi.

Wa huku kwetu tuna mfano mkubwa wa kutazama. Ranchi ya Mkwaja ilifuga ng'ombe tangu miaka ya 1950, ikafungwa mwaka 2000, na leo eneo lake limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Waliandamwa na mbung'o, wakaandamwa na migunga iliyovamia malisho. Na hayo mawili hutembea pamoja, kwa sababu mbung'o hutafuta kivuli cha vichaka.

Lantana, kichaka kingine kinachovamia malisho, ni habari nyingine, nitaigusa kidogo. Mbegu zake huletwa na ndege, kwa hiyo itaanza chini ya miti wanapotua. Pita hapo kila mvua uing'oe ikiwa changa. Ina sumu ya ini. Ng'ombe mwenye njaa akiila sana, macho huwa ya njano na ngozi hubabuka juani, hasa penye manyoya meupe. Ukimwona hivyo mtie kivulini haraka, mwite daktari wa mifugo. Lantana uliyoikata nayo usiirundike wanapopita.

Shina za kikulagembe usizichome ovyo, ni kuni nzuri mno na fito za zizi hudumu. Ukitaka kuchoma mkaa wa kuuza, anza kwanza na kibali.

Mpaka sasa nimesafisha ekari tano kati ya sita zilizokuwa zimefunga. Ya sita ina visiki vinene kuliko paja langu, na nimeiwekea mwisho wa masika ijayo, majani yakiwa yamekomaa na utomvu unashuka mizizini, ili dawa ishuke nao.